Mbeba Magunia wa Mkahawa wa Kifaransa

Mama Pacha, fundi cherehani, hakuwa na haja na mkahawa wa mikate ya Kifaransa. Alikwenda kwa sababu binti wa kaka yake alikuwa amepata kazi na akashikilia kwamba lazima amtoe shangazi yake kwa mshahara wa kwanza. Isitoshe, mumewe alikuwa kibarua wa magunia ya unga huko huko, na hakuwahi kumwona kazini hata siku moja.

Kazi ya magunia, ndivyo Baba Pacha alivyomwambia tangu walipooana, na yeye kwa huruma zake akaibeba pamoja naye. Kila jioni alimkanda mabega kwa mafuta ya moto. Mashati yake ya kazini aliyashonea pamba begani ili gunia lisimchubue. Mtu wa magunia hawezi kurudi nyumbani akaambiwa aangalie sufuria, na Baba Pacha mwenyewe aliwahi kukiri udhaifu wake mapema: "Mimi hata maji nitayaunguza." Watoto walicheka, mkewe akainuka kwenda jikoni.

Viti vya mkahawa vilikuwa vyembamba, vya watu wasiokula mikate. Mama Pacha alikikalia chake kwa tahadhari. Mpwa wake aliagiza mikate ya siagi yenye tabaka nyingi, na mmoja, alipouuma tu, ulimvunjikia mpaka kifuani. Ulikuwa mtamu kupita kiasi, jambo ambalo lilimuudhi kidogo.

"Nani anaoka hivi?" alimwuliza mhudumu.

"Mpishi wetu mkuu. Yule pale, nyuma ya kioo."

Akageuka. Nyuma ya kioo alisimama mumewe, kofia nyeupe kichwani, akisukuma donge la unga. Akalitandika siagi, akalikunja, akaligeuza, akalisukuma tena, huku anacheka na wenzake wala haitazami mikono yake. Kisha akasogea kwenye jiko, akaonja mchuzi kwenye sufuria, akaongeza chumvi. Pamba aliyomshonea begani ilikuwa safi kabisa, haijawahi kuonja gunia.

Moyo ulimpasuka paa. Aliurudisha mkate kwenye sahani.

"Shangazi, huyo si mzee wako?"

"Nyamaza kwanza."

Mhudumu, maskini, hakujua alichokuwa anakichochea. "Yupo tangu mkahawa unafunguliwa," alisema. "Ndiye aliyetufundisha sote. Mchana anatupikia mwenyewe, tena hataki mtu aguse sufuria."

Mama Pacha alishikwa na hasira, kisha aibu, kisha kitu kibaya kuliko vyote: aliwaonea wivu wale wafanyakazi wanaopikiwa.

Ndipo Baba Pacha akainua macho. Kicheko kilimkauka mdomoni. Alitoka taratibu, unga umemfika viwikoni, akasimama mbele ya meza yao.

"Mama Pacha, nitakueleza nyumbani."

"Nieleze hapa hapa. Nilipowazaa wale pacha kwa kupasuliwa, nikarudi na mshono mbichi, nikasimama jikoni nimejishika tumbo. Wewe umekaa mlangoni unanipa pole. Ulikuwa unajua kupika?"

Mpwa aliinamia kikombe chake. Baba Pacha alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikufutika. Angeweza kudanganya tena, maana alikuwa na uzoefu, lakini wenzake wote walikuwa wanamtazama kupitia kioo.

"Nilikuwa najua."

"Sasa kwa nini?"

"Niliona nikipika siku moja, nitapika siku zote."

Mama Pacha alimtazama kama mtu aliyepanda naye gari moja, asiyejua anashukia wapi. Hakupiga kelele. Watu wa meza ya jirani waliendelea kukoroga kahawa zao.

"Mimi nimepika siku zote, Baba Pacha," alisema.