Stahiki Zilizokuja na Behewa

Ilivuma Ujiji kwamba stahiki za wanahisa wa benki zimefika Kigoma kwa treni. Behewa zima, limefungwa kufuli mbili, limesukumwa kando ya stesheni kusubiri wenyewe. Niliamini asilimia mia moja na ishirini. Wakati huo nilikuwa tayari mhitimu wa shule ya jioni, nina cheti chenye mhuri mkubwa kama sinia la pilau, na mtu wa aina hiyo hadanganyiki ovyo. Nilipanda bodaboda mpaka stesheni, nikaliona behewa kwa macho yangu. Kufuli zilikuwepo. Unataka ushahidi gani tena?

Aliyenipa habari ni jirani wa shangazi yangu, mzee mstaafu wa reli. Mji wetu ndio mwisho wa reli, kwa hiyo neno "stahiki" huku halihitaji kamusi. Ni yale malipo ambayo mstaafu anaahidiwa, anayafuatilia, anaambiwa alete kivuli cha kitambulisho, anayafuatilia tena. Mzee alikuwa amezifuatilia zake mpaka viatu navyo vikastaafu. Akilitamka neno hilo barazani, watu huweka vikombe vya kahawa chini kama wamesikia dua inaanza.

Chanzo cha yote kilikuwa ujumbe kwenye simu ya shangazi. Marehemu mumewe alinunua hisa za benki moja zilipouzwa kwa wananchi, na alipofariki zikahamia kwa shangazi. Shangazi hana makuu. Ana boti ya kubeba mizigo na abiria kutoka Kibirizi kwenda Kagunga, na mashine ya boti ile ilikuwa imeanza kukohoa. Safari moja ilizimika katikati ya ziwa, abiria wakapiga makasia kwa sufuria za biashara. Mimi sikuwemo, lakini nimeisimulia mara nyingi kuliko waliokuwemo. Tangu siku hiyo alikuwa anaweka akiba ya mashine mpya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nisomee hii, msomi wetu."

Nikasoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "Mwanahisa, una stahiki ya hisa mpya moja kwa kila hisa mbili ulizonazo…" Ujumbe uliendelea, ila mimi nikaona imetosha. Msomi haumalizi mkate ili ajue ni mkate.

"Stahiki zimetoka!" nikasema.

Mzee alikuwa upande wa pili wa ua. Masikio yake hayasikii adhana, lakini neno lile alilisikia. Mpaka jua linazama, stahiki zilikuwa zimepanda treni, na kesho yake zimeshuka.

Ushauri wangu wa kitaalamu kwa shangazi ulikuwa kukaa na kungoja kuitwa. Akangoja. Mashine ikazidi kukohoa, na fundi wa Kibirizi akasema hiyo sasa si ya kutengeneza, ni ya kuzika. Ndipo shangazi akanirudishia simu.

"Soma mpaka chini, baba. Mwalimu wako wa shule ya jioni hakukufundisha kushuka?"

Nikashuka. Huko chini kulikuwa na mambo. Kila hisa mpya inalipiwa shilingi mia sita, na mwisho wa kulipa ni mwisho wa mwezi.

"Kulipiwa?" mzee akafoka. "Wanakuuzia stahiki yako mwenyewe? Mimi hawakuthubutu hivyo!"

Mtu mwingine angeona aibu. Mimi nikabadilisha taaluma papo hapo. Niliuliza mjini, nikaambiwa hisa za benki ile sokoni zinauzwa mia tisa. Mia tisa, wewe unapewa kwa mia sita! Nikapiga hesabu kwenye vumbi kwa kijiti, nikamtangazia shangazi kwamba kila hisa mpya inamzalia mia tatu kabla hajanywa chai. Nikamshauri achukue akiba yote ya mashine, anunue hisa zote, kisha faida imnunulie mashine mbili na ya tatu ya kupambia sebule.

 Shangazi akaingia ndani, akatoka na hela zimefungwa kwenye pindo la khanga.

"Twende benki. Lakini kule nitauliza mimi."

Mzee akatusindikiza mpaka barabarani. "Usisahau kuuliza la behewa," akanong'ona. Hakuwa anatania.

Benki tulipokelewa na dada mmoja wa dawati la wateja. Shangazi hakuzunguka.

"Mwanangu, hela hii ni ya mashine ya boti. Huyu anasema nikinunua hisa napata mia tatu ya bure kwa kila moja. Kweli?"

"Si kweli, mama," dada akasema, bila hata kuniangalia. "Una mbili za mia tisa, ukiongeza moja ya mia sita, zote tatu jumla zina thamani ya elfu mbili na mia nne. Kila moja inakuwa kama mia nane. Bei ya zamani haibaki pale ilipo, inashuka. Na baada ya hapo soko lina mambo yake."

Nikakohoa kama mashine.

"Nisiponunua?"

"Zako zitabaki idadi ileile, lakini zitashuka kutoka mia tisa kuelekea mia nane. Na sehemu yako ndani ya benki inapungua, maana wengine wameongeza."

"Ugali uleule, walaji wengi."

"Ugali nao unaongezeka, mama, maana hela mpya zinaingia. Ila kijiko chako kinabaki kilekile."

"Na hela zetu mnazitakia nini?"

"Kuongeza mtaji ili tukopeshe zaidi. Maelezo yote yako kwenye waraka huu. Ukiona mpango ni mzuri na una hela isiyo na kazi, unanunua. Kama hela ina kazi yake, usiing'oe huko. Toleo hili la hisa linaruhusu kuiuza stahiki yenyewe, yaani nafasi ya kununua kwa mia sita, kwa mtu mwingine kupitia dalali wa hisa. Atakulipa nafasi yako, kama mia mbili hivi kwa kila hisa mpya, ikipata mnunuzi. Hiyo inafidia pale zako zinaposhuka. Kosa ni kukaa kimya mpaka tarehe ipite."

Kukaa kimya, yaani ule ushauri wangu wa kwanza.

Shangazi alifunga tena pindo la khanga, fundo likaingia ndani kabisa.

"Watu wa Kagunga hawavuki kwa hisa," akasema. "Niuzie hiyo nafasi. Mashine nanunua leo."

Akaelekezwa kwa dalali, akaondoka mbele yangu kwa mwendo wa mtu anayewahi boti. Mimi nilibaki dawatini. Nilikuwa nimetumwa.

"Samahani, dada. Na lile behewa la stesheni?"

"Behewa gani?"

"La stahiki. Lenye kufuli mbili."

Akaweka kalamu chini, akaniambia polepole, kama mtu anayemvusha mtoto barabara:

"Behewa silijui, kaka. Ila hela za hisa mpya hazitoki kwetu kuja kwenu. Zinatoka kwenu kuja kwetu."