Niliua bahari mara tatu mbele ya kidato cha pili

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu kwa sababu ya aibu. Leo naliweka hapa kama lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga sijapunguza kitu.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia huku Pande, Kilwa. Kwetu ni Singida. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nilipokuja kuripoti kazini.

Mada ya mlolongo wa chakula ilikuwa haiwaingii kabisa wanafunzi wangu. Nikiuliza swali, wanaangalia dirishani.

Nikapata gemu moja la kompyuta. Unapewa bahari, unapanga idadi ya nyasi bahari, samaki wanaokula nyasi (huku wanawaita tasi), na papa wanaokula hao tasi. Ukikosea, vyote vinakufa.

Nikajiona nimeleta mapinduzi ya elimu.

Nikaazima projekta Kilwa Masoko, nikaipakata kwenye bodaboda njia nzima kama mtoto mchanga. Nikavaa tai. Nikamwalika mkuu wa shule, mama mmoja mkimya sana, akae nyuma ajionee. Shuka jeupe sikuwa nalo, nikatundika ukutani letu la kitandani, la maua. (Mke wangu hajanisamehe mpaka leo.)

Gemu lenyewe sikuwa nimelicheza hata mara moja. Nilisema jepesi hili, nina digrii.

Raundi ya kwanza nikaondoa papa wote, ili tasi wazaliane kwa amani. Wakazaliana kweli. Wakamaliza nyasi, wakaanza kuelea matumbo juu katikati ya maua ya shuka.

"Hiyo ilikuwa ya majaribio," nikasema.

Raundi ya pili nikaongeza tasi. Bahari ikafa haraka kuliko mwanzo. Darasa linacheka, mkuu anaandika kitu kwenye daftari lake. Nikalegeza tai.

Sasa, kuna binti anaitwa Mwanaidi, kwao wanavua kwa madema, ile mitego ya kusuka. Nilikuwa nimeshampa mkuu jina lake kwenye orodha ya watakaoacha sayansi wakiingia kidato cha tatu. Pembeni ya jina niliandika kwa mkono wangu: hawezi.

Akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Hao tasi umewajaza, watakula nini?"

"Subiri kwanza," nikamjibu. Nikaua bahari ya tatu.

"Mwalimu," mkuu akasema taratibu kutoka nyuma, "mpishe huyo mtoto."

Mwanaidi akaja, akashika kipanya kwa woga. Akarudisha papa wachache, akapunguza tasi.

"Wakijaa sehemu moja nyasi zinakwisha, wanahama," akawaeleza wenzake. "Ndiyo maana baba anahamisha madema."

Tukakaa tunaangalia. Bahari ikaishi mpaka kengele ikalia.

Baadaye mkuu akaniita ofisini. Akaweka ile orodha mezani, kidole juu ya neno langu.

"Hawezi nini, mwalimu?"

Nikaomba kalamu, nikamfuta kwenye orodha.

Msidhani yalitokea maajabu. Mtihani uliofuata wa Baiolojia alifaulu kwa kujikongoja, na Kemia bado inamtesa. Ila sasa yuko kidato cha tatu, anasoma sayansi, na maswali yake yananilazimisha nijiandae kabla ya kuingia darasani. Zamani nilikuwa naingia na chaki tu.

Nilichojifunza ni kwamba mlolongo wa chakula Mwanaidi alikuwa anaujua kitambo. Mimi nilikuwa namuuliza kwa Kiingereza, akinyamaza nampa sifuri. Gemu lilisaidia kwa sababu lilimwacha aonyeshe kwa mkono. Na lilininyamazisha mimi, jambo ambalo mkuu anasema lilikuwa limechelewa.

Walimu wa humu, na nyie mliowahi kuambiwa sayansi si yenu, semeni yaliyowakuta. Kucheka ruksa, nimeshazoea.