Goti la Beki Kutoka Urugwai

Nilimvunja mtu goti kwa makusudi. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia kabla ya wakati wake, maana najua sisi wazee wa Kizanzibari hapa Maskati tunavyosimulia. Tunaanza na machozi ya Unguja, tunamaliza na machozi ya Unguja, na hapo katikati tunajisamehe. Mimi leo sitaki kujisamehe. Jina langu silitaji. Wanaonijua watanitambua kwa kisa chenyewe, na wakinitambua basi, wacha wanitambue.

Nilifika Maskati mwaka 1966 nikipitia Dubai, kijana wa miaka ishirini na mbili. Mama yangu sikuja naye. Alikufa Unguja katika siku zile za mapinduzi, na kaburi lake silijui mpaka leo. Sitaeleza zaidi ya hapo. Elewa tu kwamba nilikuwa mtu ambaye ukimtajia mama yake, damu inamchemka kabla hujamaliza kusema.

Mjomba wangu, ndugu wa mama baba mmoja mama mmoja, alinipokea kwake Matrah. Kwa kuwa nilisoma Kiingereza, nikapata kazi kambini Saih al Malih, walikokuwa wakilaza mabomba ya mafuta. Nilikuwa karani na mkalimani. Kula yangu ilikuwa maneno ya watu: huyu kasema hivi, yule kasema vile, nami nafikisha.

Kambini tulikuwa na timu ya mpira. Wazanzibari watatu wanne, Mabulushi wenye mapafu ya ajabu, kipa Mgoa, na beki mmoja kutoka Urugwai.

Jina lake Washington. Mara ya kwanza tulidhani ni Mmarekani, akakasirika kwelikweli, akachukua kijiti akatuchorea ramani mchangani. Nchi yenyewe aliichora ndogo kama kokwa ya tende. "Watu wachache," akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "mabeki wengi." Sisi tukamwita Washi.

Alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba, umri wake thelathini na nne, lakini kabla ya hapo miaka yake yote aliila kwenye mpira wa kulipwa. Maisha hayo aliyasimulia kwa mwili wake. Alikunja suruali akatuonyesha. Kovu la muundi ni la Montevideo, alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane. Kidole gumba kisicho na ukucha, Buenos Aires. Nyusi imepasuliwa mara mbili, Chile kwa kiwiko, na Kolombia kwa chupa, tena iliyorushwa na washabiki wa timu yake mwenyewe. Meno mawili ya mbele yalibaki Uhispania, daraja la pili, kwenye matope. Kutoka hapo akaenda Beirut kwa tajiri mmoja mwenye timu, timu ikavunjika msimu ukiwa katikati, naye akashika moto wa kuchomelea ili ale. Nchi zote hizo na hajawahi kubeba kombe.

"Beki hapewi kombe," alituambia. "Kombe la beki ni kuamka kesho na magoti mawili." Akayapiga magoti yake kwa viganja. Yalikuwa hayana hata mkwaruzo.

Mimi nilicheza naye ubeki, yeye kulia na mimi kushoto. Alinifunza vizuri na alinifunza kwa maumivu. Alinigonga bega mpaka nikatapika. Alinionyesha kiwiko kinakaa wapi refa asikione. Lakini alikuwa na sheria yake moja, na akinishika shingo wakati wa kuisema: "Mgonge mtu ukiutaka mpira. Ukimgonga mtu na mpira huutaki, wewe si beki, wewe ni mhuni."

Sasa sikiliza. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Washi alipata barua. Timu ya mji wake wa utotoni, mji ulio kando ya mto, ile iliyomkataa alipokuwa kijana akaondoka kwenda kuhangaika duniani, ilikuwa inamtaka. Msimu mmoja tu acheze, kisha abaki awafunze watoto. Mkataba wake wa mabomba ulikuwa umebakia mwezi. Alizunguka kambini na barua ile mfukoni, akizungumza peke yake kwa Kihispania, lugha ambayo hakuna mwenzake kambini aliyeijua isipokuwa fundi mmoja Muitaliano aliyeokota neno hapa na pale. Ilikuwa kama ulimi wake umetangulia nyumbani.

Ijumaa ile baada ya Alasiri tulicheza na timu ya Matrah. Uwanja ulikuwa changarawe tupu, ukianguka unaacha ngozi. Dakika kumi za kwanza kipa wetu alipigwa teke la mdomo. Seif, rafiki yangu wa tangu Unguja, alimlipizia aliyempiga kipa, na yule akatolewa akiwa amebebwa. Refa alikuwa anacheka tu kwa woga. Watazamaji wakaanza kuokota mawe.

Winga wao alinipita. Nilimwacha kwa uvivu, nikidhani Washi atamfuata. Akafunga. Nikageuka, na Washi anakuja huku ananinyooshea kidole, mishipa imemsimama, anapiga ukelele. Siku zote alituamrisha kwa Kiingereza na mikono. Siku ile hakutumia Kiingereza.

Mimi nikasikia: "Mamako!"

Kwa asiyejua, kwetu Unguja neno hilo likisemwa peke yake na kwa ukali halimuulizii mama wa mtu hali. Ni tusi lililokatwa kichwa, na kila mtu anakijua kichwa chake. Watu wametoana matumbo kwa neno hilo.

Seif aliniona uso umebadilika. "Kakwambiani?"

"Kanitukania mama."

"Yule Mzungu?" Seif akamtazama Washi, kisha akanitazama mimi. "Na wewe utakaa umsikilize?"

Mpira ukaanzishwa. Mimi mpira siuoni tena, namuona yeye. Ukaja mpira mrefu kutoka kwao, Washi akaukimbilia, akanyoosha mguu kuuondosha. Mguu wa pili ameukita chini, goti limenyooka. Sikuutaka mpira. Nilikuja kwa ubavu na daluga mbili, uzito wangu wote, nikamkanyaga gotini.

Umewahi kuvunja muwa kwenye paja? Basi ndiyo sauti ile. Ningependa kukwambia kwamba niliposikia sauti ile nilizinduka. La. Alipoanguka nilimkalia kifuani nikampiga ngumi za uso, moja, mbili, sijui ngapi, damu yake ikanirukia mdomoni, na kila ngumi nilikuwa namwambia sema tena. Yeye hakunipiga. Alikuwa amelishika goti kwa mikono miwili, hana mkono wa kujikingia. Mabulushi wanne ndio walioniondosha, na nikipita nikamtia teke jingine palepale gotini.

Walimlaza kwenye ubao wakampeleka hospitali Matrah kwa lori.

Kabla ya Isha habari ilikuwa imefika kila nyumba ya Wazanzibari, tena imenona. Seif aliyekuwa hajasikia kitu alikuwa sasa kasikia kila kitu, na neno lenyewe analitamka pamoja na kichwa chake. Mjomba wangu, mtu ambaye hata siku ya msiba sikumuona akilia, alinivuta kifuani akalia.

"Nnakwambia, mwanangu," alisema, "leo dada yangu kapata wa kumlilia. Kule hatukuweza kumtetea. Leo umemtetea."

Wakapika. Wakaja watu kunipa mkono. Nami nikala.

Asubuhi yake Mngereza msimamizi wa kambi akaniita ofisini. Kambi ilikuwa na amri: mgeni akimtukana mwenyeji dini au mzazi, na sisi Wazanzibari tulihesabiwa wenyeji, anaondoshwa nchini, maana kampuni iliogopa maneno yasifike kwa Sultani. Akaniuliza Washington kasema nini. Nikamwambia, nikamfasiria, nikaliandika kwenye taarifa kwa hati yangu nzuri. Mpaka hapo, haki ya Mungu, nilikuwa naamini.

Siku ya tatu nikaenda hospitali. Usidhani nilikwenda kumpa pole. Nilikwenda niombwe radhi.

Washi alikuwa amelala, mguu umefungwa na kuvutwa kwa vyuma, uso umevimba jicho moja halionekani. Daktari alinieleza nje kwamba akilala hivyo wiki sita bila kutikiswa, goti linaweza kukunjika tena. Akitikiswa, litaganda.

Washi akanitazama kwa lile jicho moja. "Kwa nini?" akauliza.

"Ulimtukana mama yangu."

Hakuelewa. Akaniambia nilirudie neno. Nikalitamka, kwa hasira, karibu na sikio lake. Akalinong'ona mwenyewe, akalizungusha mdomoni kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. Kisha akafumba lile jicho.

"*Marcá, loco*," akasema polepole. "*Marcá, loco.*"

Akanieleza. *Marcá* ni mkabe, mkabe mtu wako. *Loco* ni mwendawazimu, lakini kwao wanaitana hivyo watu waliopendana, kama sisi tunavyosema ndugu yangu. Mkabe, ndugu yangu. Ndilo alilonipigia ukelele, na kwa midomo iliyokosa meno ya mbele, na uwanja unavyovuma, mimi masikio yangu yakasikia yanayoyajua.

Jamani.

"Utawaambia?" akaniuliza. "Wamesema Jumatatu wananiondosha."

"Nitawaambia," nikasema.

Na nikaenda. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Mngereza, nikaingia. Naye alikuwa mtu wa haki, kwa sababu aliniuliza mwenyewe bila mimi kufungua mdomo. "Nataka niwe na yakini," alisema. "Daktari hataki asafirishwe. Ikiwa ulikosea kusikia, niambie sasa, abakie mpaka apone."

Nikamuona mjomba analia. Nikawaona watu wamekaa barazani kwetu, nami napita, nawaambia nilimvunja mtu goti kwa sababu kaniita ndugu. Nikamuona mama anauawa mara ya pili, halafu mtetezi wake anaonekana mpumbavu.

"Nilisikia vyema," nikasema.

Jumatatu walimtoa kitandani na uvimbe wake vilevile, wakamtia nyuma ya lori mpaka uwanja wa ndege. Barabara za wakati ule unazijua, mawe matupu. Nilisimama dirishani ofisini lori likipita. Alikuwa anapiga kelele kila gurudumu likigonga, na safari hii nilielewa kila kitu, maana maumivu hayahitaji mkalimani.

Mwaka uliofuata yule fundi Muitaliano alipata kadi kutoka kwake. Alifika kwao. Goti halikunjiki. Siku za mechi anakaa langoni mwa uwanja anakata tikiti, mguu umenyooka mbele yake, watoto wanauruka wakiingia.

Mimi sikucheza tena. Nilisingizia mgongo. Ilipofika 1970 akaingia Sultani mpya, nchi ikafunguka, wenye lugha tukatafutwa, nikapanda kazini, nikastaafu na heshima zangu. Ninaishi mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nyumba ina bustani. Kisa cha Mzungu aliyetukana kimekwenda na mimi kote huko. Wamekisimulia harusini na mimi nikiwepo, nikitabasamu. Nilioa kwa sifa ya kisa hicho.

Mwanangu wa pili, alipokuwa na miaka ishirini, alimvunja kijana mwenzake taya kwa nondo kwa neno alilodhani amelisikia mkahawani. Nilipomwendea mahabusi nikamuuliza una akili wewe, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Baba, si wewe ulifanya hivyo kwa ajili ya bibi?" Hata hapo, hata mbele ya mwanangu mwenye pingu, nilishindwa kusema ukweli.

Mjomba amekufa anaamini. Seif amekufa anaapa kwamba alisikia kwa masikio yake.

Nakuomba wewe unayenisoma, hasa wewe mwenye kidonda: mtu mwenye kidonda husikia kidonda chake katika kila mdomo. Neno likikuchoma, uliza. Muulize mwenyewe aliyelisema, umuulize kabla hujanyanyua mguu. Na ikiwa umeshaunyanyua kama mimi, ukweli ukikufikia, useme siku hiyohiyo, mbele ya mtu huyohuyo, hata ukichekwa. Aibu ya siku moja inaliwa ikaisha. Niliyoikimbia mimi mlangoni kwa Mngereza ninaila mpaka leo.

Maana yule mtu hakumtaja mama yangu hata mara moja. Tusi lile halikutoka kinywani mwake. Nililiunda mimi uwanjani, nikaliandika kwa mkono wangu ofisini, nikawapa watu walirudie miaka hamsini kwenye harusi za wanangu, na jina la mama yangu likiwa ndani yake. Hakuna mtu duniani aliyemtukanisha mama yangu kuliko mimi.