Muguka na Mpunga wa Tope

Nakiri ujinga wangu: nilitafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha jamii ya miraa, ili nipate nguvu za kupanda mpunga. Mto Tana ulikuwa umefurika kisha ukapungua, ukaacha tope zuri shambani kwetu, huku chini ya Garsen. Likikauka kabla hujapanda, msimu umekupita. Nami ni mtu wa kukaa nyumbani, hata kuku wamenizoea. Basi nikautafuna kwa chingamu, nikajiona mkulima hodari, nikashinda kibarazani nikiwaeleza kuku jinsi nitakavyopanda. Kesho yake hata chai haikuwa na ladha, na jembe nililitazama tu.

Nikaenda zahanati kuuliza nina nini, na muuguzi akanieleza kwamba ubongo una kemikali iitwayo dopamini, inayotutia hamu ya kufuata jambo. Muguka huimwaga kwa wingi na kuizuia isirudi haraka mahali pake. Raha huja kabla ya kazi, halafu hamu hushuka.

Nikaenda kumsimulia hayo yote jirani yangu, mama aliyekuwa amekwisha kupanda shamba lake. Alinisikiliza huku akiitazama miguu yangu, isiyo na hata tone la tope.

"Weye, tope linakauka. Huo ubongo wako uache nyumbani, lete mikono."