Nilivyoionea Wivu Dawa ya Yustina

Nakumbuka asubuhi niliyofika Katindiuka nikitokea Mlimba, na pale nyumbani hakuna aliyenikimbilia kunipokea. Haikuwa kawaida, mwanangu. Mdogo wangu Yustina alizaliwa na sikoseli, ugonjwa wa damu unaouma mpaka ndani ya mifupa. Alipozidiwa aliongezewa damu, na sisi ndugu tukaombwa kuchangia. Mimi shule niliiacha mapema, na kukaa kijiji kimoja msimu mzima sikuweza. Lakini nikisikia Yustina kalazwa, nilikuja. Siku hizo nilikuwa mtu. Mama alinichinjia kuku, nami nikajisifu kwa majirani, "Ndani ya huyu inatembea damu yangu." Muuguzi aliwahi kunieleza kwamba damu yangu inaingia benki, na mgonjwa hupewa ile inayomfaa, pengine ya mtu mwingine kabisa. Nilimsikia, sikutaka kumwelewa.

Asubuhi hiyo nilikuta kikao cha familia. Hospitalini daktari alikuwa amemweleza Yustina njia mbili: aendelee kuongezewa damu kila akizidiwa, au aanze dawa ya kumeza kila siku, inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Dawa hiyo ilikuwa na masharti. Apimwe damu mara kwa mara, na akitaka kupata mtoto aongee na daktari kwanza.

Mwanangu, ile dawa niliichukia kabla sijaiona. Mimi ni mtu wa kuuliza, nikikuta mtu anatengeneza baiskeli nitauliza mpaka anifukuze. Lakini siku hiyo niliuliza ili kuikosoa. Inatengenezwa na nini? Ikimharibu ini? Kwa nini aache damu ya ndugu ameze vitu visivyojulikana?

Shangazi Matilda, dada mkubwa wa baba, alikuwa anapara samaki mlangoni. Akaweka kisu chini.

"Fidelis, una wivu."

"Wivu na nani, shangazi?"

"Na dawa! Marehemu mume wangu alikuwa na wivu mpaka na padri, lakini na vidonge, hapana, hajafika huko."

Wote wakacheka. Yustina hakucheka.

"Kaka, juzi nilipozidiwa ulikuwa wapi?"

"Mlimba."

"Mama alizunguka mtaa mzima kutafuta watu wa kuchangia. Sikulaumu, una miguu yako. Lakini kila ukija unanikuta kitandani, na unafurahi."

Shangazi akasema taratibu, "Mpende dada yako, baba. Ugonjwa wake usiupende."

Yustina akachagua dawa ya kumeza. Mimi kile kikopo pale kabatini nilikitazama kama mwanamume anavyomtazama aliyemchukulia mchumba. Maumivu hayakuisha mara moja, yalipungua kidogo kidogo, na kila yalipopungua nilijiona napungua pia.

Msimu wa mpunga nilirudi nikakuta mlango umefungwa. Jirani akaniambia, "Yustina? Yuko Michenga, shambani na mama." Nilikaa kizingitini kama mgeni asiyetarajiwa. Kisha nikamfuata. Nilimkuta juu ya dungu la kulindia mpunga akipigia ndege kelele, sauti imemkauka.

"Shikamoo kaka! Panda huku ufukuze ndege, mimi nimechoka."

Nikapanda. Ndege wale hawakujua damu yangu inatembea ndani ya nani, na nilifukuza mpaka jua likazama.

Basi mwanangu, kama kwenu yuko mgonjwa wa damu na amewekewa dawa mbili mbele yake, muulize kwanza yeye anataka kuishi vipi. Nendeni naye kwa daktari, mwulizeni kila kitu: itamsaidia nini, itamdhuru wapi, vipimo ni lini, na asithubutu kuiacha kimyakimya. Kisha jichunguze. Unaitetea dawa kwa ajili ya mgonjwa, au unatetea nafasi yako kwake? Wivu utakuja tu. Wangu bado upo, nikimsikia anamsifu daktari wake naguna. Uuache nje, usiingie nao kwenye chumba cha daktari. Na damu changia, hata kwa mtu ambaye hutamjua. Mimi nachangia bado.

Mungu akulindie ndugu zako, mwanangu, na siku watakapoweza kusimama bila wewe, akupe moyo wa kushangilia.