Chensoo ya Mzee Kamba Iliyopika Mti

Mmewahi kuona mti ukipikwa?

Siyo kuni. Siyo mkaa. Mti mzima, umesimama na majani yake, unafuka moshi kiunoni kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Mimi nimeuona. Uani kwangu, asubuhi kweupe. Na mpishi alikuwa mume wangu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alitoka mbio na ndoo ya maji, akidhani nyumba inaungua. Akamkuta mzee amevaa miwani ya kuogelea, jasho linamtiririka, ameshikilia chensoo inayonguruma kama lori linalopanda mlima. Mti una alama nyeusi inayong'aa. Unga wa mbao hata wa kutia kwenye kijiko hakuna.

"Shemeji, unakata au unachoma?" jirani akauliza.

"Nakata!"

"Basi mti haujaambiwa."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini mwenzenu nilikuwa na sababu yangu ya kucheka, na hiyo ndiyo nataka kuwasimulia.

Kwanza niwatambulishe kwa mke mwenzangu.

Hiyo chensoo. Msumeno wa injini. Mzee aliinunua zamani, enzi bado ana nywele, kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote dukani. Muuzaji akamwongezea na kofia ya bure. Kofia bado nzima.

Chensoo sasa. Jina lilishabanduka, rangi imepauka, tangi linavuja, mfuniko umefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Inalala sebuleni chini ya kiti cha mzee, juu ya shuka langu zuri, kwa sababu eti stoo kuna unyevunyevu. Mimi nikilalamika mgongo naambiwa ni umri.

Kuiwasha ni shughuli. Anavuta kamba, anavuta, anapumzika, anaibembeleza, anavuta tena. Mtaa mzima wakampa jina: Mzee Kamba.

Binti yetu wa mwisho, muuguzi, kila akija lazima waanze.

"Baba, itupe hiyo."

"Nitupe kitu kinachofanya kazi?"

"Kinafanya kazi gani?"

"Inawaka!"

"Hata kiberiti kinawaka, baba."

Sasa nyuma ya chumba chetu kulikuwa na mti ulioanza kuegemea paa. Mzee akaapa ataukata mwenyewe. Wakata miti ni wezi, alisema, na chensoo anayo.

Siku ya kwanza alipoigusisha kwenye shina, iliruka. Ilirudi nyuma kama punda aliyechokozwa, ikampitia pajani, ikachana suruali toka mfukoni hadi gotini. Ngozi haikuguswa. Ila kati ya ngozi na yale meno hapakuwa na nafasi ya kupitisha jani la chai.

Mzee akacheka. "Imenitania tu."

Mimi sikucheka. Niliishona ile suruali, na kila nikipitisha sindano nauona mguu wa mtu ndani yake.

Kuitupa nisingethubutu. Niliwahi kumpa mnunua vyuma chakavu baiskeli yake isiyo na magurudumu. Mzee akanuna, halafu akaenda kununua nyingine mbovu zaidi. Nikiitupa chensoo ataleta ndugu yake, na huyo ndugu hatamkosa.

Nikaona dawa siyo kumfukuza mke mwenza. Dawa ni kumng'oa meno.

Mzee alipokwenda kwa kinyozi kunyoa ndevu, nikachukua spana. Kwa jinsi nilivyokaa pembeni miaka yote nikimwangalia anavyoifungua, hata kuku wangu wangeweza kazi ile. Nikalegeza nati, nikatoa mfuniko wa pembeni, nikauvua mnyororo, nikaugeuza meno yaangalie kinyume, nikafunga kama ilivyokuwa.

Mnyororo ukikaa kinyume, chensoo inanguruma, inazunguka, mbwembwe zote inazo. Kukata ndiyo haikati. Inasugua tu. Inapika.

Nikanawa mikono, nikampokea bwana mlangoni. "Umependeza, baba."

Kidogo nimwonee huruma. Kidogo tu.

Basi ikawa burudani. Kila asubuhi yeye anatoka na chensoo, mimi natoka na kigoda na chai.

"Mzee, leo mti unauchemsha au unaukaanga?"

"Nyamaza, mama. Tatizo ni plagi."

Kesho yake tatizo likawa kabureta. Kesho kutwa, petroli ya siku hizi siyo petroli. Siku nyingine akasema huenda mti wenyewe una chuma ndani.

"Labda ulimeza jembe," nikamwambia.

Akalifikiria. "Inawezekana."

Jembe! Nilikimbilia chooni nikacheka mpaka machozi. Jirani naye akahamishia kigoda chake upande wetu, akawa anachekea ndani ya kikombe. Nikajua tunamcheka mtu mmoja.

Mwisho binti yetu akachoka. Siku hiyo akaja na mkata miti wa kukodi, jamaa mwenye kofia ngumu na chensoo kubwa inayowaka ukiitazama tu. Akaja na gunia pia.

"Mama, leo ni leo. Mti ukianguka, hii takataka inaingia gunia, naondoka nayo. Baba amekubali."

Nikamtazama mzee. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ameipakata chensoo yake kama mtoto mwenye homa. Kama huko ndiko kukubali, basi mimi ni bibi harusi.

Lakini moyoni nikasema afadhali. Mti unaondoka, mke mwenza anaondoka, mguu wa mume wangu unabaki. Ushindi mtupu.

Mkata miti, kabla ya kupanda, akaiomba chensoo ya mzee aione. Akaigeuza huku na huku, akakunja uso.

"Mzee, mbona mnyororo umefungwa kinyume?"

Chai ikanipalia. Binti akageuka. Jirani akaanza kuyachunguza mawingu.

"Hii ukiugeuza tu inakata," jamaa akaendelea, mkono umeshaingia mfukoni kutafuta spana. "Sasa hivi nakufanyia."

"Usiguse," mzee akasema.

"Lakini mzee..."

"Najua uko kinyume. Mke wangu aliugeuza nilipokwenda kunyoa. Spana yangu niliikuta kwenye kikapu cha vijiko."

Jamani. Kikapu cha vijiko! Nimejifanya jasusi, halafu nimehifadhi ushahidi pamoja na miiko.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Siku ile ile."

"Na plagi? Na kabureta? Na jembe ndani ya mti?"

"Jembe ulilileta wewe. Mimi nilikubali tu, nisikukate stimu."

Jirani akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Kumbe anajua. Kinyozi anajua. Muuza mkaa wa pale kona anajua. Wiki zote hizo nilijiona nimekaa kwenye kigoda cha mtazamaji, kumbe mchezo wenyewe ni mimi!

Nikapandwa na hasira. "Kwa hiyo mlikuwa mnanicheka mimi?"

"Wewe ulikuwa unamcheka nani?" mzee akauliza, taratibu kabisa.

Nikakiweka kikombe chini.

Binti ndiye aliyeuliza swali la maana. "Sasa baba, ulipogundua, kwa nini hukuugeuza ukakata mti wako?"

Mzee akaitazama ile chensoo mapajani. Sauti ikashuka.

"Siku ile iliporuka, mikono ilianza kutetemeka. Mpaka leo nikiisogeza kwenye mti inatetemeka. Sasa ningesema naogopa? Mbele ya mama yako? Angenicheka mpaka kwenye mazishi yangu, na wafiwa angewachekesha." Akafuta tangi kwa kiganja. "Nilipoona mnyororo umegeuzwa nilishukuru. Nikawa navuta kamba kwa raha zangu. Alikuwa anaicheka mashine, mimi nimepona."

Nilitafuta neno la mzaha. Mimi, ambaye hata msibani huwa silikosi. Nikatafuta, nikatafuta. Halikuja.

Mwenzenu nilishona suruali nikiogopa kimyakimya. Yeye akaivaa akiogopa kimyakimya. Halafu kila asubuhi tunatoka nje tunachekeana.

Mkata miti akakohoa. "Sasa mimi nipande au nisubiri kesi iishe?"

"Panda," binti akasema, huku analifungua gunia mdomo. "Mama, sema wewe. Hii inafaa au haifai?"

Mzee hakunitazama. Alikuwa anaukaza ule mpira wa mfuniko, eti usije ukalegea njiani ukaleta shida.

"Lete hapa hilo gunia," nikasema.

Nikalichukua, nikaingia nalo sebuleni. Nikavuta shuka langu toka chini ya kiti cha mzee, nikalikung'uta. Mahali pake nikalitandika gunia, nikalilainisha pembe zote.

"Mke mwenza atalala hapa," nikawaambia kupitia dirishani. "Shuka langu siwaachii."

Mti ulishuka vizuri, kipande kwa kipande. Mzee alipewa kazi ya kushika kamba.

Siku hizi mti haupo, lakini asubuhi bado anatoka na chensoo yake. Mnyororo bado uko kinyume. Nami natoka na chai, vikombe viwili.

"Unafanya nini sasa na kukata hakuna?"

"Naipasha moto."

"Ipashe, baba. Isije ikapata mafua."

Haya, wanangu, chukueni hili. Mkitaka kujua kama kitu kizee kinafaa kutunzwa, msiishie kuuliza kinakata au hakikati. Angalieni kwanza ni nani amejificha nyuma yake. Na nyie wenye ulimi kama wangu, mwachieni mwenzenu upenyo wa kusema naogopa, kabla hajaenda dukani kununua injini ya kumsemea.

La mwisho. Ukishamaliza kugeuza mnyororo wa mtu, rudisha spana mahali pake.