Goti Nililompigia Bosi wa Ujerumani

Aibu hii ni yangu na naisimulia mwenyewe, maana mama yangu ameshaieneza mtaani kwetu Kiseke nzima na kila akiisimulia anaongeza machozi ambayo sikuyatoa.

Mnajua nilikuwa Ujerumani kwa masomo ya mazingira, na muhula wa mwisho nikapangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ndogo inayopima maji ya ziwa lao (ziwa lenyewe, kwa sisi tuliokulia huku, ni bwawa lenye majivuno). Kazi yangu ilikuwa moja, kupanda boti na kuchota sampuli, na bila sampuli hakuna ripoti, na bila ripoti hakuna kufaulu, narudi Mwanza na begi la nguo za baridi tu.

Siku moja kabla ya boti, wakati wa chakula cha mchana, nikawahutubia wenzangu kuhusu mila. Nikawaambia kwetu mtoto wa kike alikuwa anapiga goti kumsalimia mkubwa, ila sisi tuliosoma tumeshahoji hayo mambo na kuyaacha. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikajiona profesa.

Baada ya hapo nikachukua kikombe cha kahawa, na mlango ukafunguliwa, akaingia bosi mkubwa, Bi Helga, ambaye sikuwahi kumwona, mama mtu mzima, kitambaa kichwani, mkoba umebanwa kwapani, anatembea polepole kama mzee wa kanisa anayekuja kukagua usafi. Jamani, sikuamua chochote. Shikamoo ilitoka kwa sauti na magoti yakashuka pamoja na kahawa, yote kwenye zulia.

Ofisi nzima ikapiga kelele. Jonas, kijana aliyesomea huduma ya kwanza na hajawahi kupata mgonjwa maishani, alinirukia kwa furaha ambayo hakuificha, akanilaza chali, akanyanyua miguu yangu juu ya kiti, mwingine akafungua madirisha na ile baridi yao ikaingia yote.

“Umepatwa na nini?” akaniuliza Jonas.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema nilikuwa nasalimia, yangeisha. Lakini ile hotuba yangu bado ilikuwa mezani, sahani hazijaondolewa! Nikasema, “Kizunguzungu.”

Bi Helga akasema anayeanguka hapandi boti. Nikapelekwa kwa daktari, daktari akanipima kila kitu asione kitu, akauliza kama kwenye familia yetu kuna ugonjwa wa kuanguka. Nikasema sijui. Bi Helga, aliyenisindikiza kwa wema wake wote, akasema basi tumpigie mama yako, kwa video, tumuulize.

Mama akapokea akiwa sebuleni na wanawake wa jumuiya waliokuja kusali. Kuniona nimelala kitandani tu, sala ikaanza upya, kwa nguvu.

“Mama, shikamoo. Mimi mzima. Daktari anauliza kama kwenye ukoo kuna watu wanaoanguka.”

“Ukoo upi? Kwetu hakuna. Kwa baba yako waulize wenyewe.”

Shangazi Minza, dada yake baba, alikuwa amekaa hapohapo. “Wifi, kwetu umemwona nani anaanguka? Mtaje!”

“Sijasema mnaanguka, nimesema muulizwe.”

“Jamani, daktari anasubiri,” nikasema.

Mama akasogeza uso kwenye simu mpaka nikabaki naongea na jicho. “Ulikuwa unafanya nini ulipoanguka?”

“Namsalimia huyu mama. Ndiye bosi.”

Mama akauliza taratibu, “Kabula. Ulipiga goti?”

Nikatazama dari. Vigelegele vilivyopigwa sebuleni kwetu vilimfanya daktari arudi nyuma hatua nzima. Shangazi akampokonya mama simu.

“Siku ya kukuaga, bibi yako kule Usagara ulimnyima goti! Ukatuhutubia kwamba ni utumwa, tukakusikiliza mpaka chai ikapoa. Leo mzungu umempa yote mawili?”

“Shangazi, yalijipiga yenyewe.”

“Basi na kwa bibi yajipige yenyewe!”

Bi Helga akaniuliza, “Wanasema nini? Ni ugonjwa?” Na mimi ndiye mkalimani pekee chumbani. Uongo wa pili ulikuwa umeshafika mdomoni, wa njaa, lakini njaa nayo isingenipandisha boti. Nikamwambia ukweli.

“Ulinipigia magoti? Mimi?” Akawa mwekundu hadi shingoni. Hakucheka. Angecheka ningepona. Aliyeumia kuliko wote ni Jonas tuliporudi ofisini.

“Kwa hiyo hukuzimia?”

“Hapana.”

“Hata kidogo?”

Boti nilipanda. Asubuhi iliyofuata Bi Helga aliogopa nisirudie, akaniona kwa mbali akanyoosha mkono mapema na kuinama yeye kunizuia, na mimi, kwa kuona mkubwa anainama, nikashuka zaidi, tukagongana vichwa mbele ya wafanyakazi wote. Sampuli zangu nilizichota nikiwa na nundu. Ripoti ilifaulu.

Sasa nimerudi, na bibi hapokei simu yangu. Ametuma ujumbe kwamba salamu za simu anawaachia wazungu. Kama goti ni heshima au ni kumdidimiza mwanamke, mimi bado sijashawishika upande wowote, na mkitaka tubishane hadi asubuhi. Ila nimeapa sitahutubia tena juu ya magoti yangu kabla ya kuyauliza yenyewe. Kesho naenda Usagara. Shangazi Minza ameshachaji simu, anasema anakuja kurekodi.